Inakokwenda Chumvi

Baba yangu, Pandele, amekula chumvi nyingi
kwa maana zote mbili:
miaka themanini na miwili,
thelathini kati yake chini ya ardhi, mgodini Slănic,
akikata kuta nyeupe kwa mashine iliyomla kidole.

Yeye aliitoa chumvi mlimani.
Mimi naitoa kwenye mafuta.
Hataki kuamini kwamba hiyo nayo ni kazi.

Nimemweleza mara ngapi, supu ikipoa mezani:
mafuta ghafi hayaji peke yake.
Huja na maji ya bahari zilizokufa kabla ya mtu,
matone madogo kuliko vumbi la unga,
na ndani ya kila tone, chumvi.
Ukiyapeleka hivyo hivyo tanurini
chumvi huzaa asidi, na asidi hula bomba
usiku, kimya, kwa ndani,
kama nondo na sufu sandukuni.

"Si myaache tu yatuame?"
Maji na mafuta hayachanganyiki, husema watu.
Waliosema hawakuyaona yakitoka kisimani.
Kila tone limejivika ngozi ya lami;
mawili hugusana, hupeana mgongo,
huelea mwaka mzima bila kuungana.
Hapo Baba hutazama dirishani.
Ng'ambo ya uzio anakaa mdogo wake, Nichifor.
Hawajasalimiana tangu wagawane nyumba ya mama yao.
Nami sisemi kitu. Watu si matone.

Basi twayaosha. Ndiyo, Baba, kwa maji:
twatia maji matamu katika mafuta tunayotaka kuyakausha,
twayabana kwenye vali hadi yavurugane,
kisha tangini, tangi limelala kama ng'ombe aliyeshiba,
joto nyuzi mia na thelathini,
kati ya nyavu mbili za chuma,
volti elfu ishirini.
Umeme hauyachemshi. Hauyagusi, karibu niseme.
Hulivuta kila tone likawa yai,
ncha hii chanya, ncha ile hasi,
mkia wa hili ukatamani kichwa cha lile.
Ngozi hupasuka. Mawili huwa moja.
Moja huwa zito.
Zito huanguka.

Usiku wa Jumanne, theluji hadi magotini,
mshale wa ampea ulipanda, volti zikalala.
Dorinel akapiga kelele redioni.
Nikafungua vibomba vya sampuli, juu hadi chini:
mafuta,
mafuta,
kisha uji wa kahawia, si maji si mafuta,
umekua hadi miguuni pa nyavu
ukiutafutia umeme njia ya mkato.
Nikalegeza vali. Nikaongeza dawa kidogo.
Nikafungulia maji ya chini yatoke,
glavu zikanuka mayai viza.
Kisha nikangoja.
Hakuna anayekufundisha kungoja;
kitabu cha mtambo huandika tu "subiri".
Saa kumi na nusu transfoma ilibadili sauti,
ikarudi kuvuma kwa koo la chini.
Maabara wakasema: ilikuwa arobaini, sasa moja na nusu.

"Na mnaipeleka wapi?" aliuliza Baba asubuhi,
kabla sijavua viatu.
Nini?
"Chumvi."
Mferejini, nikasema. Kwenye maji machafu.
Alinitazama kama niliyetupa mkate.

Daktari amemkataza. Shinikizo la damu.
Kwa hiyo nyumbani pia kazi yangu ni ile ile,
na huku sina volti.
Nilimpakulia supu ya maharage.
Akaonja, akaweka kijiko chini,
akaanza kisa cha mwaka ule walipovunja ukuta
wakakuta kwingine unang'aa kama kioo
na ndani yake samaki, samaki mzima,
macho wazi, anawatazama.
Mwaka jana alikuwa samaki mdogo.

Anatia chumvi, najua.
Nikamwacha atie.